Sauti ya Baba Kwenye Diski

Kiptere,
Jumanne.

Kwako dada Cheptoo,

Chamgei. Pokea salamu zangu na za nyumba nzima. Natumaini wewe na watoto mko salama huko Nakuru, na kwamba kile kikohozi kimekuachilia. Sisi tuko wazima. Mama anakusalimu sana. Goti bado linamsumbua wakati wa baridi, lakini akisikia jina lako anainuka kama hana ugonjwa. Mvua imenyesha vizuri na majani yamejaa shambani.

Najua unachosubiri. Jumamosi wazee wanakaa kuamua lile shamba la chai la juu ya chemchemi, unalosema Baba alikupa, na wamekataa kuamini mtu yeyote isipokuwa sauti yake mwenyewe iliyorekodiwa kabla hajafa. Rekodi ilikuwa kwenye kompyuta yangu. Mwezi uliopita kompyuta iliingiwa na virusi, faili zote zikajifunga, hata picha za ubatizo hazifunguki. Ilibaki nakala moja tu, kwenye ile diski ndogo ninayoiweka kabatini.

Basi akaja binamu yetu Kipkurui. Unamjua. Alisoma kompyuta wiki tatu pale Sigowet, sasa ana saiba, kibanda cha kukodisha kompyuta na mtandao, na amejiandika Injinia mlangoni. Alitazama, akakuna kidevu, akatangaza kwamba virusi huletwa na unyevu wa huku kwetu. Haki ya Mungu, aliitoa kompyuta nje akaianika juani juu ya gunia, kando ya mahindi ya Mama, na wazee wawili wakasimama pale wakitikisa vichwa kwa heshima. Kisha akairudisha ndani, akaiwasha, akachukua diski yangu ya akiba na kutaka kuichomeka humo humo aone kama imepona. Injinia mzima! Ng'ombe wake akiugua humtenga na wenzake, lakini hilo halikumpitia akilini. Nilimpokonya diski. Nikamwambia mbele ya wazee kwamba kichwa chake ni cha kuvalia kofia tu.

Kazi yenyewe haitaki uinjinia, inataka subira, kitu ambacho ukoo wetu haukupewa. Niliazima laptopu ya jirani yetu mwalimu Fancy, ambayo haijawahi kukutana na yangu. Nikasasisha programu yake ya kukagua virusi, halafu nikakata mtandao. Nikazima pia ule mtindo wa kompyuta kufungua diski yenyewe mara tu inapochomekwa. Ndipo nikachomeka, na sikugusa faili hata moja mpaka diski yote ilipokaguliwa. Saa tatu nzima. Vilipatikana virusi viwili vya zamani, kimoja kikijiita wimbo wa kanisa. Nikavifuta, nikakagua tena kwa programu nyingine, ikasema diski ni safi. Kompyuta yangu nimeifuta yote na kuianza upya.

Nikafungua rekodi. Baba anakohoa, anauliza kama ng'ombe amekamuliwa, kisha anasema: "Shamba la juu ya chemchemi ni la Cheptoo. Aron, umesikia?"

Na mimi najibu: "Nimesikia, Baba."

Dada, niliwaambia wazee kwamba siku ile Baba alipotoa shamba sikuwepo. Miaka miwili nimechuma majani ya chai yako na kuyapima kituoni kwa namba yangu, malipo yakija kwangu. Na virusi havikuingia kwa bahati mbaya. Kipkurui aliniletea flashi yenye video za harusi yake, kompyuta ikanionya kwa maandishi mekundu, nami nikabonyeza kuendelea, nikitumaini rekodi itapotea. Diski ya kabatini nilikuwa nimeisahau, mpaka Mama alipoitoa mbele ya wote. Kipkurui alipotaka kuichomeka, nilihitaji kunyamaza tu ili nayo ipotee. Ningependa kukuambia nilikuonea huruma. Hapana. Nilishindwa kuvumilia ujinga wake, basi. Aibu ilinijia baadaye, niliposikia sauti yangu.

Kwenye bahasha hii kuna memori kadi. Rekodi ni nzima. Sikukata mahali ninapojibu. Njoo nayo Jumamosi, uichezeshe mbele ya wazee, nami nitakuwa nimeketi palepale.

Mama anaomba uje na watoto. Wasalimu wote, na Mungu awalinde njiani.

Ni mimi ndugu yako,
Aron