Mstari wa Kwanza wa Faili ya Ng'ombe

Mzee Kiprotich,

Ni wiki ya tatu tangu tukuzike Njoro, na leo ndiyo nimepata nguvu ya kukuandikia. Nimekaa kwenye kiti chako. Sikukiomba. Meneja wa ofisi yetu hii ya usajili wa ng'ombe alikisukuma mwenyewe hadi mbele ya skrini akaniambia, "Wanja, ni wewe tu umebaki. Mkienda wote wawili, hii kompyuta nani ataielewa?" Na unajua nilikuwa nimeshapata nafasi chuoni ya kusomea ualimu. Wewe ndiye ulinisainia fomu.

Wafugaji bado wanaleta kadi, kutoka Subukia hadi Mai Mahiu: ng'ombe amezaa, ng'ombe amekufa. Kila badiliko bado linapita kwenye zile amri zako ulizoziita paipu. Ya kwanza inasoma kadi na kuimwagia ya pili, inayotafuta namba ya mstari. Ya mwisho inatoa mstari huo mmoja na kuweka mpya, bila kugusa mingine. Namba mbele, mstari mpya nyuma, urefu uleule wa mstari uliotolewa. Nakumbuka siku niliyokosea namba, nikaandika uzazi wa ng'ombe wa Subukia kwenye mstari wa dume la Njoro. Hukunigombeza. Ulikuja asubuhi na uso mkavu: "Habari ya dume letu? Mama na mtoto wako salama?" Nilicheka mpaka machozi.

Jana meneja aliniagiza nibadilishe mstari wa kwanza, ule wenye jina la mtunza faili. Jina lako limekaa hapo tangu kabla sijazaliwa. Niliandika WANJA, kompyuta ikakataa. Fupi mno. Wewe una herufi tisa, mimi tano, na urefu lazima ubaki wako. Nikabaki naangalia skrini, na Mzee, nilikukasirikia. Miaka yote ile hukuandika hata ukurasa mmoja wa maelekezo. "Iko kwa kichwa," ndilo lilikuwa jibu lako. Likizo hukwenda, hata ulipoanza kukohoa, maana hakuna mwingine aliyejua. Kisha ukanifundisha mimi, peke yangu, nami nikadhani unanipendelea.

Niliongeza nafasi nne tupu baada ya jina langu, nikabonyeza. Ikakubali palepale. Nililia, na si kwa ajili yako tu.

Meneja anasema mwakani wataleta mfumo mpya. Ndivyo alivyokuambia wewe pia, kila mwaka. Kwa hiyo nimenunua daftari. Kila ninapobadilisha mstari naandika nilichofanya, hatua kwa hatua, kwa Kiswahili ambacho hata yeye ataelewa. Nimefika ukurasa wa sita, na mkono unauma.

Kwaheri, Mzee wangu. Pumzika, ulichoka sana. Nakuahidi sitakufa na haya mambo kichwani. Nikimaliza daftari nitaliacha mezani, nitafuta jina langu kwenye ule mstari, na nitaondoka. Usinilaumu.

Wanja