Doa Jekundu Pembeni mwa Mama

Jumatatu, 3 Machi
Paa la studio limevuja. Boksi la negativu za marehemu Baba, zile filamu za kusafishia picha, limeloa chepechepe, zimegandana, kuvu kila mahali. Kaka kasema tupa tu. Situpi ng'o! Humo ndimo ilimo picha ya harusi ya Mama. Ile ya ukutani ililiwa na mchwa, naye anataka kuiona tena kabla macho hayajamwishia. Daktari ameshasema hayarudi. Basi nitaitafuta.

Jumatano, 5 Machi
Nimeipata! Ilikuwa katikati ya boksi, maji hayakuifikia, ila unyevu umeiachia madoa matupu. Kuvu imekula kiatu kimoja cha Baba. Maji hapana — penye kuvu, maji huondoka na picha yenyewe. Pamba na spiriti, polepole. Mgongo hauna hamu. Kaka kachungulia, eti mimi daktari wa kurekebisha sura. Nikamwambia afunge mlango, analeta vumbi.

Alhamisi, 6 Machi
Doa moja limekataa katakata. Jekundu, kubwa, pembeni mwa Mama. Spiriti hailigusi. Nikathubutu maji, tone moja tu — likayeyuka bila ubishi.

Chini yake kuna mtu! Mwanaume, anacheka, mkono begani kwa Mama.

Mjinga mimi. Halikuwa doa, ilikuwa rangi ya Baba. Aliipaka kwenye negativu kuficha asichotaka kitoke kwenye karatasi: nguzo, nyaya, mbwa wa watu. Nimemwona akifanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Kumbe hata watu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimemwambia Mama. Kaniuliza kama anacheka. Kisha akasema huyo ni kaka yake. Mjomba wangu — na mimi sikujua hata kama nina mjomba! Aligombana na Baba baada ya harusi, akaondoka, akafia hukohuko alikokwenda. Baba alimwambia Mama amemkata kwenye negativu kwa mkasi. Hana picha yake nyingine.

Mama kalia sana. Nami nimemkasirikia Baba, Mungu anisamehe.

Kaka kaja juu: Baba alikuwa na sababu zake, rudishia rangi, kopo si lipo? Sirudishii.

Jumamosi, 8 Machi
Chumba cha giza, naandika kwa taa nyekundu. Karatasi iko kwenye dawa. Kaka anagonga mlango, anataka kuingia — mwanga ukipenya tu, picha imekwisha. Komeo ni bovu. Mama yuko nami humu ndani, kauegemea mlango kwa mgongo, ananiuliza tayari? Bado, Mama. Nywele zako zimetoka. Sasa vidole vya Mjomba, begani kwako.

Kaka anasukuma. Mama anamwambia angoje kidogo, yeye mwenyewe anamngoja kaka yake.