Bahari ya Sebuleni na Chumvi ya Uvinza

Jumamosi, 6 Septemba 2025

Malkia ametaga! Nimeyaona mayai nikifagia sebule. Kwenye kile kigae cha chungu nilichokisimamisha ndani ya tangi la samaki — vijidoa vya rangi ya chungwa, vimebanana kama punje za mtama. Nimehesabu mpaka mia na ishirini, Askari akanikatiza mbele na hesabu ikapotea. Askari ni dume. Kazi yake sasa ni kuyapepea mayai kwa mapezi, kutwa nzima. Akizubaa, Malkia anamsukuma.

Nimemweleza Baba kwamba kwa samaki hawa jike ndiye mkuu wa nyumba. Akasema mbona hata Tabora ni hivyo hivyo, huku akimtazama Bibi.

Mjomba Hamdun ndiye aliyenipa samaki, na ndiye anayenitumia maji ya bahari kwa treni kutoka Dar, kwenye madumu. Nimempigia simu. Siku tisa, amesema, ikiwa maji hayatabadilika.

Sijawahi kuiona bahari. Lakini ninazo lita mia moja zake, na ndani yake watazaliwa samaki wenyeji wa Tabora!

Jumatatu, 8 Septemba

Kipimo cha chumvi kimepanda. Mstari mmoja juu ya alama ya kijani. Ajabu. Joto linakausha maji, sawa, lakini kila jioni ninayajaza kwa maji ya bomba yaliyolala ndoo siku nzima. Maji hupanda hewani, chumvi hubaki. Hilo nimefundishwa na ninalifuata.

Recheli, tunayekaa naye dawati moja, anasema labda samaki wanalia.

Jumanne, 9 Septemba

Mistari miwili. Mayai kadhaa yamekuwa meupe — yamekufa. Askari ameyang'oa kwa mdomo, moja moja. Wali sikuumaliza.

Jumatano, 10 Septemba

Nimejua!

Asubuhi nilifika getini, nikakumbuka daftari la Baiolojia, nikarudi. Bibi Najiat yuko mbele ya tangi. Mkono mmoja kifuniko, mkono mwingine kiganja cha chumvi. Anasema bismillahi.

— Bibi, unafanya nini?

— Nawaunga.

Kumbe ni tangu Jumamosi! Kiganja kimoja kila asubuhi, mimi nikishatoka. Akasema mwenyewe nilimwambia hawa ni wa maji ya chumvi, kisha kila jioni ananiona nikiwamiminia maji ya bomba. Mzazi hapewi maji matupu, akasema, wewe ulivyozaliwa mama yako alikunywa supu siku arubaini. Na hii ni ya Uvinza, siyo chumvi ya mchezo, misafara ilikuwa ikipita hapa imeibeba. Halafu akaniuliza kwa upole kabisa: pilipili manga aweke lini? Maana yeye alikuwa anangoja siku ya saba.

Nikakaa sakafuni. Nikacheka mpaka nikalia, au nililia kwanza, sikumbuki. Bibi akaangalia kile kigae, akaangalia kiganja chake. Akauliza, nimewaua?

Nikampigia Mjomba, kasema tutoe jagi moja la maji ya tangi, tuweke jagi moja la maji ya bomba, kila saa, taratibu. Mimi nina shule. Bibi akasema, nenda.

Nimerudi saa kumi nikamkuta na jagi mapajani, amekodolea saa ya ukutani. Mlangoni kuna mistari minane ya mkaa. Hajakosa hata saa moja.

Ijumaa, 12 Septemba

Kijani! Kipimo kimerudi kwenye alama kabisa. Nimerukaruka mpaka Bibi akasema nitamshtua mzazi.

Ila Bibi sasa haweki chumvi hata kwenye mchuzi. Mkono wake haujiamini, anasema. Baba kaonja, katua kijiko, kasema samaki walipewa fungu letu lote.

Jumapili, 14 Septemba

Macho! Kila yai lina macho mawili ya fedha, na yote yananitazama. Nimehesabu mara mbili: themanini na manne. Mjomba anasema huanguliwa giza likishaingia, taa zikizimwa. Kesho. Huenda wote, huenda hata mmoja asitoke — chumvi huonyesha madhara mwishoni. Sehemu hiyo sikumwambia Bibi.

Jumatatu, 15 Septemba

Magharibi imepita. Taa zote zimezimwa. Baba kalala chali mkekani, amekatazwa kukohoa. Mimi naandika jikoni kwa tochi ya simu, maana Bibi kanifukuza: kalamu yangu inakwaruza. Yeye amekaa kwenye kigoda, uso karibu na kioo. Hajala. Nimemwekea mchuzi, nikautia chumvi mwenyewe.

Ananiita. Hapazi sauti. Njoo taratibu, anasema, na uvue ndala.

Anahesabu wanaotoka. Moja.

Nimevua ndala, ningali nimesimama mlangoni, nangoja aseme mbili.