Video ya Siku ya Elfu

Taichung, 2 Novemba

Kwa Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Hujambo Baba? Baba mdogo Giran na majogoo yake hawajambo? Mimi mzima, ila mgongo unaniuma, maana Babu Lin ninayemuuguza hawezi tena kujigeuza kitandani.

Ile video ya kujaribia imefika. Nisamehe, niliicheka kwanza, kisha nikalia. Ukuta unaruka, saa inaruka, picha ya Mama ukutani nayo inaruka. Unakumbuka video ya mazishi aliyonitumia Baba mdogo? Niliona nyasi na kandambili za watu, Mama sikumwona. Siku ya saba sikuwepo, ya arobaini sikuwepo, ya mia sikuwepo. Hii ya elfu ndiyo ya mwisho, jiwe linawekwa kaburini na Mama anaachwa aende zake kwa amani. Mkataba hauniruhusu kuja. Basi angalau niione vizuri, Baba, niwaone watu nyuso zao. Sikuombi kingine.

Kwa hiyo nisikilize. Futa lenzi kwa kitambaa laini, si kwa shati lenye mafuta ya kukaangia tempe. Shika simu kwa mikono miwili, viwiko uvibane mbavuni. Usivute picha kwa vidole, sogea wewe mwenyewe. Ukitembea, legeza magoti, nenda kama mtu aliyebeba sinia la chai mbele ya wakwe.

Na jambo jingine, usikasirike. Mikono yako inatetemeka? Babu Lin alianza hivihivi. Kikombe kilikuwa kinamwagika, watoto wake wakasema ni uzee tu. Leo hata kijiko hashiki. Nenda zahanati, nakuomba.

Mwanao, Ning


Kalisengon, 8 Novemba

Kwa binti yangu Ning,

Waalaykum salaam. Mimi sijambo, nakula, nalala, na Giran hajambo isipokuwa ulimi wake. Pole na mgongo. Usiniambie nipige simu, unajua masikio yangu niliyaacha kwenye kiwanda cha mbao. Barua ni barua, hata ikiandikwa kwa kidole kwenye kioo. Nakuandikia nikiwa barazani msikitini, mtandao unakopatikana.

Mikono yangu, mwanangu, ilisukuma magogo kwenye msumeno kabla hujazaliwa na bado nina vidole vyote kumi. Nani mwingine Kalisengon anaweza kusema hivyo? Lakini sikudanganyi, nilipoitazama video vizuri niliona aibu. Nikafuta lenzi. Nikabana viwiko mpaka mbavu zikauma. Nikatembea kwa magoti yaliyolegea, Giran akaniuliza kama nimejisaidia kwenye suruali. Bado inatikisika. Nikaiegemeza simu kwenye kopo la biskuti mezani, nikakaa pembeni. Bado. Tena sasa inakwama, watu wanaganda kisha wanaruka mbele kama vikaragosi.

Labda ni uzee kweli. Nimewaambia watu msikitini kwamba mikono yangu imeanza kuugua, waniombee dua.

Mengine ni ya kawaida. Huko bondeni nyuma ya nyumba wachimba mchanga wameongeza mashine, malori yanapita asubuhi mpaka jioni. Bwana Haryoko, msimamizi wao, ni mtu wa watu. Ameahidi kulileta jiwe la Mama kwa lori lake bila kutaka chochote. Kwa wema huo mtu atasema nini?

Baba yako


Taichung, 13 Novemba

Kwa Baba yangu,

Assalaam alaykum. Umeamkaje? Umekwenda zahanati? Usinijibu mengine kabla ya hilo.

Nilimweleza binti yake Babu Lin habari zako. Alitikisa kichwa tu, na mimi nikaenda kulia bafuni nimefungua maji. Naogopa, Baba. Naosha mwili wa mzee wa watu kila siku huku nikikuona wewe. Hata umeiegemeza simu mezani na bado inatikisika, bila shaka uliegemea meza kwa mkono bila kujijua.

Haya, tufanye hivi. Inakwama kwa sababu simu imejaa. Futa video zote za majogoo ya Baba mdogo, na umwambie nimesema mimi. Funga programu zote kabla ya kurekodi. Usiiache juani, na vua lile ganda lake la mpira, ikipata joto inachoka. Kwenye mipangilio ya kamera usichague ile picha kubwa kabisa, shuka daraja moja, na uweke fremu thelathini kwa sekunde. Rekodi vipande vifupi, nitumie kila kimoja papo hapo.

Halafu juu ya kioo kuna alama ya mkono ulioshika simu. Iguse iwe ya manjano. Hicho ni kituliza picha. Mkono ukitetemeka, chenyewe kinaitengeneza picha itulie. Nimekijaribu kwa kuifunga simu kwa kitambaa kwenye kiganja cha Babu Lin, na picha imetulia tuli. Hakuna atakayejua kwamba mikono yako inaugua.

Mwanao, Ning


Kalisengon, 20 Novemba

Kwa Ning, mwalimu wangu,

Salaam nyingi. Hali yangu ni njema, na moyo wangu ni mweupe. Umeona video? Imetulia kama maji ya mtungini. Saa iko mahali pake, Mama yako yuko mahali pake. Giran ameitazama mara tatu, amesema sasa harusi zote za Kalisengon ni zangu.

Zahanati nimekwenda. Daktari, kijana tu, alininyooshesha mikono, akaweka karatasi juu yake, akaniambia nifunge vifungo, niandike jina langu. Akasema, "Mzee, mikono hii inaweza kushika kisu cha upasuaji." Nilimwambia binti yangu anauguza wagonjwa Taiwan, anajua zaidi yake. Akacheka, akanipa vitamini.

Sasa sikia makubwa. Juzi kulikuwa na kikao kwa mkuu wa kijiji. Jirani yetu Bi Parti amelalamika kwamba wachimba mchanga wameufikia ukingo wetu kwa chini, kwamba nyumba za ukingoni zinatetemeka mashine zikifanya kazi, ukuta wake umepasuka na milango haifungi. Milango! Wetu pia nausukuma kwa bega, ni mvua hii, mbao inavimba, nani asiyejua mbao kama mimi? Bwana Haryoko akasema kwa upole kwamba yeye hapingi, anataka ushahidi tu. Mkuu wa kijiji akanigeukia, maana nyumba yangu iko ubavuni mwa ile ya Bi Parti na kila mtu anajua ninapiga video. Nikatoa simu. Wakaitazama video yangu ya sebuleni, iliyopigwa saa za kazi, mashine zinanguruma hata mimi kiziwi nazisikia kidogo. Saa haitikisiki, pazia halitikisiki.

Bwana Haryoko akanishika mkono mbele ya watu. Bi Parti akabeba mwavuli wake akaondoka. Tangu siku hiyo hanisalimii. Wanawake wana kinyongo. Lakini ningefanyaje, video ilikuwa hapo, watu wote wameiona.

Baba yako


Taichung, 21 Novemba

Baba,

Sitangulizi salamu, utanisamehe. Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama na bado nimesimama.

Kituliza picha hakijui mkono wala nyumba. Kinaona simu inatikisika, kinafuta mtikisiko, basi. Kazi yake ni hiyo. Simu ilikuwa mezani, wewe umekaa pembeni. Daktari amekwambia mikono ni mizima. Sasa kilichokuwa kinatikisika ni nini, Baba?

Nimezirudia video zako zote za mwanzo. Kuna moja uliyopiga Ijumaa, haisikiki mashine hata moja, nayo imetulia bila kituliza chochote. Zile za siku za kazi zote zinaruka. Wewe unazisikia kwa mbali tu kwa sababu ya masikio, na mwili wako umetetemeshwa na msumeno miaka yote hiyo, haushtuki tena. Nami niliye mbali nikakimbilia kukuona mgonjwa, kwa sababu ugonjwa ndio ninaouona kila siku.

Bi Parti alisema kweli. Nenda leo ukamwombe radhi. Nenda kwa mkuu wa kijiji umweleze. Na usilale humo, ukingo ukimeguka nyumba itakwenda nao, hamia kwa Baba mdogo. Dua ya Mama isomewe kwake au msikitini. Ukoo mzima utakaa chini kwenye sebule ile, Baba, na watoto wao, na mvua hii.

Ning


Kalisengon, 26 Novemba

Kwa mwanangu,

Waalaykum salaam, hata kama salamu hukuileta. Mimi mzima.

Nimekwenda kwa Bi Parti, sikumkuta. Amehamia kwa mwanawe mjini, mlango ameufunga kwa kamba. Nimesimama uani kwake peke yangu nikaomba radhi kwa ukuta. Na ufa nimeuona. Mkono wangu unaingia.

Nimekwenda kwa mkuu wa kijiji. Nilikizima kile kituliza, nikarekodi sebule mashine zikiwa kazini, nikampelekea. Alinikaribisha chai, akatazama mpaka mwisho, kisha akasema, "Mzee Wagiyo, wewe mwenyewe ulituomba dua msikitini kwamba mikono yako inaugua." Nikamwambia simu ilikuwa mezani. Akasema video moja imetulia na nyingine inaruka, nyumba ni ileile, meza ni ileile, sasa aamini ipi? Akaniuliza tena, kwa sauti ya chini ya kunistahi, kama nataka kumwaibisha Bwana Haryoko juma hili hili alilolileta jiwe la marehemu mpaka makaburini. Nilinywa chai yake nikarudi nyumbani. Ungekuwepo ungenionea huruma, mwanangu. Nimejifunga kwa kamba niliyoisuka mwenyewe.

Lakini dua siihamishi. Unajua kwetu. Maiti hutolewa kwa mlango wa nyumba yake, na kisomo cha elfu husomwa alipotokea, ndipo ajue kwamba sasa ameruhusiwa. Tukisomea kwa Giran, Mama yako atakuja hapa akute giza. Watu wamealikwa, wali umepimwa, dada zake wanakuja Alhamisi kukaanga apem za unga wa mchele. Ni jioni moja tu. Jiwe likishawekwa, nahamia kwa Giran hata kesho yake.

Baba yako


Taichung, 27 Novemba

Baba yangu,

Assalaam alaykum. Sikugombi tena, nakuomba tu.

Mama alipokuwa hai, mvua ikinyesha sana alikuwa wa kwanza kututoa nje na mikeka yetu, hata kama ni kwa Bi Parti, hata kama umenuna. Huyo huyo leo atakasirika kwa sababu watoto wa dada zake wamekaa mahali salama? Humjui mkeo?

Nasikia mvua haijakatika huko tangu juma lililopita. Sitaki video, Baba. Nilisema sikuombi kingine, sasa naomba kingine, nakutaka wewe. Vunja mwaliko. Waambie binti yako ameshikwa na kichaa huko ugenini, lawama nitazibeba mimi.

Mwanao, Ning


Kalisengon, Alhamisi 30 Novemba

Kwa Ning,

Salaam. Naandika upesi, watu wanafika.

Umenishinda nusu. Wageni wote nimewapeleka uwanjani kwa Giran ng'ambo ya barabara, wametandika mikeka chini ya turubai, imamu yuko nao, na apem ziko huko. Wamenung'unika kidogo, lakini wakasema ni maneno ya Ning, basi. Dada wa Mama yako amesema una akili kuliko baba yako. Nimemwambia hilo si kazi kubwa.

Ndani nitaingia mimi tu, na ubani. Lazima mmoja awepo pale alipotokea, na hakuna anayestahili zaidi yangu. Wakimaliza kisomo, nami nitatoka. Usihesabu dakika, utajiumiza roho.

Bwana Haryoko amekataa kuzima mashine, anasema mchanga wa leo umeshaagizwa. Haidhuru. Simu nitaiweka mezani, nakutumia vipande vifupi kama ulivyonifundisha. Mtandao wa Giran unafika mpaka sebuleni siku hizi. Kituliza nimekizima. Nataka uone nyumba yetu kama ilivyo, wala usiseme tena kwamba baba yako mgonjwa.

Baba yako


Taichung, Alhamisi 30 Novemba

Baba,

Vimefika vipande viwili. Cha kwanza ni cha uwanjani. Nimewaona wote nyuso zao, dada za Mama, Baba mdogo na kofia yake mpya, watoto wanaiba apem. Ni kizuri, Baba. Hakijakwama popote.

Cha pili umekaa chini ya picha ya Mama, ubani uko mbele yako, unasoma. Kila kitu kinaruka. Saa imeinama, pazia linapigapiga ukuta, na kuna mahali mlango umejifungua wenyewe, nawe hukugeuka, hukusikia. Mikono yako iko juu ya magoti. Nimeisimamisha video nikaitazama sana. Haitetemeki hata kidogo.

Dua ya uwanjani lazima imekwisha sasa. Nasubiri kipande cha tatu. Nimempigia Baba mdogo, simu yake inaita, haipokelewi. Ya dada wa Mama imezimwa. Huenda mko mnakula wote, huenda ni mvua imekata mtandao.

Ukitoka, niandikie hata neno moja. Hata bila salamu.

Mwanao, Ning


Taichung, Ijumaa 1 Desemba

Baba, assalaam alaykum. Hujambo?