Mkwe wa Shamba la Mama

Chiang Mai, 20 Januari 2023

Mdogo wangu Champi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Hujambo? Shemeji Sithon hajambo? Na Mama, lile tumbo limetulia au bado anasingizia pilipili? Mimi ni mzima, ila vidole vimepasuka kwa baridi na kwenye chumba changu jua haliingii.

Nakuandikia kwa sababu tukipigiana simu hatufiki mbali kabla ya kuzozana, halafu wewe unakata. Kwenye barua huwezi kunikata, itabidi unisikilize mpaka mwisho.

Nimepata kazi, na safari hii ni kazi ya maana. Kampuni inakuza bangi ya dawa na kuzalisha mbegu mpya. Wakubwa wangu wanatafuta zile za asili, za milimani, ambazo hazijachanganyika na za Wazungu. Wamezunguka milima yetu ya Phu Phan yote, kila kijiji wanakuta watu wameshapanda za kwenye pakiti. Nikawaambia mama yangu anayo bangi ya mkia wa kindi ya kweli, ile ndefu kupita paa, inayochukua msimu mzima mpaka baridi ndipo inaiva. Walinitazama kama nimesema nina dhahabu chini ya godoro.

Naomba nusu ya mbegu za Mama. Wewe ndiye kitinda mimba, nyumba umepata, shamba umepata, na Mama mwenyewe umepata. Sikulaumu, ndiyo desturi yetu. Lakini mimi nilipoachwa na mume nikarudi nyumbani na mabegi yangu, Mama aliniambia mbele ya majirani kwamba nyumba ina mwenyewe. Hilo unalikumbuka, ulikuwa umesimama mlangoni. Basi nipe hizi mbegu tu.

Ndani nimekuwekea pakiti ya mbegu zetu za kampuni. Zinaiva haraka na zinanenepa. Zijaribu.

Dada yako,
Urai


Nyumbani, 18 Machi 2023

Dada Urai,

Shikamoo dada. Sisi huku tunapumua, ingawa moshi wa mashamba yanayochomwa umetufunga macho. Sithon anakusalimu, anasema umletee koti la huko. Vidole vyako vipake mafuta ya nguruwe usiku, usijifanye wa mjini.

Habari ya Mama si nzuri. Si pilipili. Hospitali ya mkoa wamesema ni uvimbe mbaya tumboni, nao wanamtundikia dripu ya dawa kali. Akitoka huko anatapika mpaka nyongo. Kinachomfanya ale ni mafuta yake mwenyewe, anayoyachemsha kwa maua ya bangi ya shambani kama siku zote. Akilamba tone moja, baada ya muda anaomba wali wa kunata na samaki wa kuchoma, kisha analala. Daktari alituuliza tunampa nini, nikamwambia, akasema, "Sijui yatamponya nini, lakini kama anakula, endeleeni."

Nilimweleza ombi lako. Akasema: "Mpe. Ni damu yangu, hata kama ana mdomo." Nimekutumia nusu. Nusu nyingine tunapanda yote mvua zikianza, maana unajua hapa hakuna mbegu inayopita masika bila kuota ukungu. Za kwako nazo nitazipanda pembeni mwa shamba. Mkubwa akikupa kitu, hukitupi.

Zitunze, dada.

Mdogo wako,
Champi


Nyumbani, 2 Oktoba 2023

Dada Urai,

Shikamoo. Natumaini u mzima, maana barua mbili nilizotuma hukujibu. Sithon ameumia mgongo kidogo. Mimi sijambo kwa mwili.

Mwezi uliopita Mama alichagua mkwe wa shamba. Kwa muda uliokaa mbali labda umesahau, kwa hiyo nakukumbusha. Madume ya bangi yakianza kujionyesha, mama mwenye nyumba anapita kwa kila moja, anafikicha jani la juu, ananusa vidole. Asilolipenda linang'olewa hapo hapo. Analolipenda linabaki moja tu, linaingia kwenye shamba la majike kama mwanamume anavyoingia kwenye nyumba ya mkewe, na mbegu zote za mwaka ujao ni za kwake.

Sithon alimbeba mgongoni, maana hawezi tena kupanda kile kilima. Shangazi zetu walikuja na majirani wote, kama kawaida, na utani wao ule ule, huyu kibogoyo, huyu mlevi, huyu atakimbia na dada wa mkewe. Mama alifikicha, akanusa, akatikisa kichwa. Nikaona kwamba hanusi kitu. Dada, tangu dripu ya pili Mama hatofautishi mchuzi wa samaki na maji. Alikuwa anachagua kwa macho tu na kuigiza kwa pua.

Akafika pembeni. Dume moja la zile mbegu zako za kampuni, fupi, nene, majani mapana. Akalishika shina akatabasamu, na hajatabasamu tangu mvua. Akasema, "Huyu ana mabega. Huyu atalisha nyumba."

Shangazi mkubwa alinitazama. Kila mtu alijua. Nami nikanyamaza. Ningemwambia nini mbele za watu? Kwamba pua imekufa, kwamba kazi aliyopewa na mama yake imemshinda? Mtoto hamwambii mama yake hivyo. Sithon akang'oa mengine yote. Nilifikiri nikalikate kwa siri, lakini dirisha la Mama linatazama pale pale, na kila asubuhi anauliza mkwe wake ameamkaje. Sasa limeshamwaga unga wake, na majike yote yameshika mimba.

Maua ya mwaka huu bado ni ya aina ile ya zamani, yatamvusha Mama kidogo ingawa yamejaa mbegu na mafuta yatakuwa haba. Lakini mbegu zenyewe zimechanganyika. Tukizipanda mwakani, hatujui kitakachotoka. Mbegu safi duniani ni zile nilizokupa wewe. Naomba unirudishie kidogo, kiganja tu, kabla ya mvua. Si kwa ajili yangu.

Mdogo wako,
Champi


Chiang Mai, 11 Machi 2024

Mdogo wangu,

Salamu. Natumaini Mama anapata nafuu na mgongo wa shemeji umepona. Mimi ni mzima. Nimepandishwa cheo, nasimamia chumba chote cha mbegu.

Barua yako niliipata, nikaisoma, nikaiweka. Nimekaa nayo muda huu wote kwa sababu sikutaka kukujibu kwa hasira. Ulijua, ukanyamaza. Hiyo ndiyo kazi uliyopewa nyumba kwa ajili yake, kumtunza Mama na shamba lake, nawe umeshindwa kusema sentensi moja.

Mbegu nitazirudisha. Lakini Mama anipigie simu yeye mwenyewe, aniambie kwamba siku ile mlangoni alinikosea. Siyo wewe useme kwa niaba yake, siyo shangazi. Mdomo wake. Sitaki nyumba, sitaki shamba. Nataka neno hilo tu, na siku hiyo hiyo pakiti itapanda basi.

Usiniambie ni mgonjwa. Mimi nilikuwa na homa siku ile na mabegi mkononi.

Dada yako,
Urai


Nyumbani, 20 Juni 2024

Dada,

Shikamoo. Leo sikuulizi hali, maana hali yako niliisikia kwenye simu.

Nataka ujue kilichotangulia, kwa sababu wewe ulisikia mwisho tu. Nilipomsomea Mama barua yako alicheka. Alisema hawezi kumwomba radhi mtoto aliyemtoa tumboni, hata tumbo hilo limwue. Mwaka wetu mpya ulipofika mwezi wa nne, watu wakamwagia wazazi wao maji mikononi kuomba baraka, nami nikamwagia yake huku nikimwomba akupigie. Akavuta mikono. Nilimsihi mpaka nikamchukia. Ndiyo, nimeandika hivyo, nilimchukia, nilimwona mwanamke mwenye kiburi anayekufa kwa kiburi, na wewe nilikuona umefanana naye.

Mafuta yaliisha mwezi wa tano. Mvua zikaanza. Nilikuwa na mbegu zile chotara tu, nikazipanda, ningefanyaje.

Wiki iliyopita alikataa chakula siku tatu mfululizo. Alfajiri akaniambia nimletee simu na nimvalishe sarong nzuri, kama vile utamwona. Akakaa wima. Nilimshikilia kwa nyuma, kwa hiyo nilisikia kila kitu. Alisema, "Urai, mwanangu, siku ile nilikukosea. Ulikuwa umechoka nami nikakufukuza mbele za watu." Sijawahi kumsikia Mama akiongea kwa sauti ndogo hivyo.

Nawe ukasema, "Asante, Mama. Nimekusamehe." Kisha ukasema kwa sauti ile yako ya ofisini, "Ila mbegu zimeshapandwa zote. Ziko kwenye nyumba ya vioo. Sina hata moja ya kukurudishia."

Alinirudishia simu akasema angalau mtoto amesamehe. Hakulia. Mimi ndiye niliyetoka nje.

Ulijua tangu lini kwamba huna? Ulipoandika ile barua ya Machi ulijua? Sihitaji jibu refu.

Champi


Nyumbani, 24 Novemba 2024

Dada Urai,

Mama amefariki jana asubuhi. Tunamchoma keshokutwa hekaluni.

Mazao ya mbegu chotara yaliiva mapema, mwezi wa tisa, mafupi na manene kama ulivyosema. Nilimchemshia mafuta kwa mikono yangu, kwa kipimo kile kile. Yalimshtua moyo. Moyo ulimdunda mpaka shuka inatikisika, akaogopa, akadhani kuna watu ukutani. Nilipunguza, nikapunguza tena, ikawa vile vile, na usingizi haukuja. Nikayamwaga. Kuanzia hapo alikuwa na vidonge vya hospitali, ambavyo havikutosha, na sisi tuliomshika mikono.

Hakukuulizia mwishoni. Alimwulizia mkwe wake wa shamba, kama amezaa vizuri. Nikamwambia ndiyo.

Njoo kama unaweza.

Champi


Chiang Mai, 15 Desemba 2024

Mdogo wangu mpenzi Champi,

Pole sana, pole mno. Nimelia mpaka uso umevimba. Unakula? Unalala? Shemeji akutunze, usibebe kila kitu peke yako. Kuchomwa kwa Mama kulinikuta kwenye ukaguzi, wakubwa hawakuniruhusu, na wewe unajua kazi za watu.

Nitakuja siku ya mia tangu afariki, Mama tumfanyie sadaka ya heshima. Na kuna jambo lingine, nisikilize kwa moyo mpole.

Mimea yetu huku imekufa. Mkia wa kindi hautaki vioo. Ulirefuka mpaka ukagonga dari, ukakataa kutoa maua, baridi na unyevu vikauozesha kabla haujaiva. Hatukupata mbegu hata moja. Wakubwa wamekasirika, kwa sababu niliwaahidi.

Lakini nilikuwa nimeweka kiganja kimoja pembeni kwenye jokofu, akiba. Usinielewe vibaya. Msimamizi wa mbegu lazima aweke akiba, ndiyo kanuni ya kazi, na kwenye simu nilichosema ni kuhusu zile za kupanda. Ndizo za mwisho. Nitazileta mwenyewe. Zipande pale pale kwa Mama, udongo ule ule, ukimya ule ule wa kilima, zitazaa. Tutagawana, na jina la Mama tutaliweka kwenye mbegu. Kampuni inamleta mpiga picha, vaa vizuri.

Ni nafasi yetu ya kuponya hili, mimi na wewe.

Dada yako akupendaye,
Urai


Nyumbani, 19 Machi 2025

Dada Urai,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na gari lile jeupe halikuharibika njiani. Huku mvua za kwanza zimenyesha mapema, udongo umelainika. Sithon mzima. Mimi nakula na nalala, kwa kuwa uliuliza.

Umenitumia ujumbe mara nyingi ukitaka kujua kama mbegu zimeshaingia ardhini, na wakubwa wanataka picha ya miche. Nakujibu kwa barua ili usinikate.

Ulikuja siku ya mia ukapiga magoti mbele ya picha ya Mama. Ulilia vizuri, yule kijana wa kamera alikuomba urudie na ukarudia. Kisha ukanikabidhi pakiti mbele ya watawa na shangazi wote, kwa mikono miwili, ukasema unairudisha roho ya Mama nyumbani. Watu walitokwa machozi. Nami nilikunyenyekea, nikaipokea. Niliifungua jikoni. Zilikuwa nzima, nyeusi zenye madoa, zinang'aa, baridi bado imo ndani yake. Kiganja kimejaa. Kiganja hicho hicho nilichokuomba Mama akiwa hai.

Uliniambia niziweke pahali pakavu. Niliziweka kwenye kikaango.

Zilipasuka moja moja, zikanukia kote. Nikazitwanga na pilipili kavu, chumvi na samaki wa kuvundika, nikaweka kwenye bakuli katikati ya chakula cha sadaka, mbele yako. Nililia nikitwanga, kwa sababu najua nilichokuwa nafanya. Hakuna mtu mwingine kwenye mlima huu aliye nazo. Nimejinyima mimi, nimewanyima watoto ambao sijawazaa, na yeyote atakayelala kitandani kama Mama alivyolala, akihitaji kitu cha kumpa hamu ya kula. Hilo nitalibeba. Sijajuta, na nimengoja hizi siku zote nione kama nitajuta.

Wewe ulichovya wali wa kunata, ukachovya tena, ukamwambia shangazi kwamba tangu uondoke nyumbani hujala pilipili tamu kama ile. Ukakomba bakuli kwa kidole.

Basi wakubwa wako wakikuuliza mbegu ziko wapi, waambie ulikula.

Mdogo wako,
Champi