Birmingham Mbili na Kitanda cha Mama

Alhamisi, 6 Novemba
Asubuhi Etterbeek, hapa Brussels, kwa mzee ninayemtunza. Nimemwogesha, nimemlisha. Kisha treni ya métro hadi nyumbani Anderlecht kumwogesha mama. Tangu avunjike nyonga, siku zangu zote ni sabuni. Kesho wanafika yaya Furaha, dada yetu mkubwa, na Safari, kitindamimba. Furaha anaishi Birmingham ya Uingereza. Safari, Birmingham ya Alabama, Amerika. Tutaamua nani amchukue mama. Mgongo wangu umekwisha. Waje tu.

Ijumaa, 7 Novemba
Wamefika. Maman Esther wa parokia alileta sombe, kisamvu chetu, akawauliza wanaishi wapi.
“Bamingam,” akasema Furaha.
Safari akacheka. “Berming-HAM, yaya! Usimeze muji ya watu.”
Hilo “ham” alilikaza kama mtu anayeagiza jambon, ile nyama ya nguruwe ambayo Waingereza huiita ham. Furaha akamjibu kwamba mji wake ndio wa kwanza, wa Alabama uliazima jina tu. Nilicheka. Sombe ilikuwa tamu.

Jumamosi, 8 Novemba
Bado. Chai, Birmingham. Chakula, Birmingham. Wakahamia jina la Norwich, mji mwingine wa Uingereza: Furaha anasema Norich, Safari anatamka kila herufi. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika huko. Mezani ikawa matusi. Safari: eti yaya anaongea kama boyi wa mzungu. Furaha: eti Safari anatafuna maneno kama chingamu ya shikleti. Watu waliozaliwa Uvira, Kongo, nyumba moja, titi moja!
 Hakuna aliyeuliza mama anakunywa dawa gani.

Jumapili, 9 Novemba
 Nilitoka kazini, nikawasikia tangu kwenye ngazi. Sebuleni simu iko mezani, sauti ya mwanamke wa kamusi ya mtandaoni inatamka Birmingham, nao wanaikaripia. Chumbani mama yuko sakafuni, kando ya kitanda, kanga imelowa mkojo. Alikuwa ameita. Ameita mpaka sauti ikakauka. Akajaribu kwenda chooni peke yake.
Furaha akaja mlangoni, akaziba pua. Akaziba pua! Kwa mama yake!
Safari akasema, “Bon, hatukusikia.”
Mama akawatazama. “Mutoke. Mwende mubishane kule inje.”
Niliita ambulansi. Kisha nikatoa mabegi yao, nikayaweka kwenye ngazi.  Hapa naandika bila haya: wananitia kinyaa. Damu yangu mwenyewe.

Jumatano, 12 Novemba
Picha za hospitali ni nzuri. Hakuna mfupa mwingine uliovunjika. Mama amerudi nyumbani. Wale wameondoka, kila mmoja na ndege yake. Suala la nani amchukue mama, hakuna aliyeligusa. Nimewaomba watu wa hospitali muuguzi wa kuja asubuhi. Wamekubali.
Mama amesema, “Minabaki hapa na weye.”
Nilifurahi. Nilichoka pia. Vyote viwili, kwa wakati mmoja.

Jumamosi, 15 Novemba
Furaha amepiga simu. Amelia sana. Nilimsikiliza. Sikumjibu vibaya. Sikumjibu vizuri pia. Safari hajapiga.
Mama ameomba ugali na ndagala, dagaa wa kwetu. Amekula polepole, amemaliza sahani. Akataka dirisha lifunguliwe kidogo, harufu ya samaki itoke. Baridi iliingia, nikamfunika magoti. Sasa anasinzia kwenye kiti. Nimekaa karibu naye, nimenyoosha miguu. Leo sina kazi.