Mlango Nilioupita

Barabara ya Misonobari,
Jumapili, Novemba

Dada yangu mpendwa Ardith,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, nami napajua: maili mbili kutoka meza hii ya jikoni, ukishalipita ghala la mahindi. Loh, nimebandika stempu kwenye barua ya maili mbili! Cheka tu, hata mimi nimecheka. Goti lako la kushoto linaendeleaje na baridi hii? Mimi mzima, ila masikio yameanza kuniaga. Miaka kumi na moja hatujasemezana, na pengine unawaza kuitupa barua hii jikoni motoni. Keti kwanza, Dada. Isome hadi mwisho.

Umesikia kwamba Corinne Haugdahl, yule dereva wa basi la shule, aligombea bodi ya shule. Watatu bodini wanataka shule yetu ifungwe na watoto wapelekwe mjini, watatu hawataki, na kiti cha saba ndicho kilichokuwa kinagombewa. Alikuja kuniomba nimsaidie nikiwa nimejaa unga hadi viwikoni. Nikamwambia siasa siijui, mimi nilikuwa mpishi wa shule tu. Akanijibu kwamba ndiyo maana amenifuata, kwa sababu hapa kwetu hakuna mtu wa chini ya miaka arobaini ambaye sijamlisha. Nikanawa unga, nikavaa buti.

Ah, Oktoba ile! Asubuhi ukungu ulikuwa unapanda kutoka ziwani hadi barabarani, nami natembea ndani yake na orodha ya wapiga kura mkononi, sioni ila vile vibao vya njano vya kampeni ya Corinne vikijitokeza kimoja kimoja kwenye nyasi za watu. Nilikuwa kama mtu aliye usingizini na hataki kuamshwa. Mlango ukifunguka, naona sura mbili kwa pamoja: jitu zima lenye ndevu, na kitoto kilichokuwa kinalia kwa sababu ya njegere. Duane, mpwa wa Stadler, yule mpinzani wetu anayetaka shule ifungwe, aliniuliza kwa kejeli kama bado natia chumvi ya kuua ng'ombe. Nikamwuliza mbona basi alikuwa anarudi kuongezwa kila siku. Alicheka hadi akakohoa, kisha akachukua kibao akakisimika mwenyewe.

Nikirudi nilikuwa napita nyuma ya shule, upande wa jikoni kwangu kwa zamani, na karibu kila mara kuna mtoto anajifunza kinanda. Kinanda cha Mama. Nilikuwa nasimama pale kwenye majani makavu, vidole vya mtoto vinakosea palepale ulipokuwa unakosea wewe, na kwa kitambo sijui ni mwaka gani. Nilikuwa nageuka nikidhani Mama ataniita niingie ndani.

Nilikuchukia kwa kinanda hicho, nakwambia wazi. Uliwapa shule wiki ileile ya mazishi ya Mama bila kuniuliza, mimi bado nasuuza vyombo vya wageni. Miaka yote niliyobakiza kazini kilipigwa ng'ambo ya kidirisha cha kutolea chakula, nami nagonganisha sufuria nisisikie. Nilisikia kila wimbo. Kingekaa sebuleni kwangu, nani angekipiga? Mimi sijui hata kukifuta vumbi.

Jumanne kura zilihesabiwa kwenye ukumbi wa chini wa kanisa. Corinne mia tatu kumi na saba, Stadler mia tatu kumi na nane. Wakahesabu upya, ikawa ileile. Corinne alinikumbatia nikiwa bado nimeshika trei ya keki, akalia begani kwangu, halafu akanishukuru mbele ya watu wote kwamba sikuacha mlango hata mmoja. Wakapiga makofi. Nilitamani sakafu ile inimeze na trei yangu.

Kwa sababu niliuacha mmoja, Dada. Wako.

Nilifika hadi kwenye kisanduku chako cha barua. Taa ya kibarazani ilikuwa inawaka mchana kweupe, nikashangaa. Nikakuona dirishani unafuta sahani, ile yenye ua la bluu. Sikwenda kugonga. Nikatoa kalamu nikaandika mbele ya jina lako kwamba hayupo. Wewe huyo nakuona, nami naandika hayupo.

Jana LaVonne wa posta alinieleza ukweli, huku akisema kwamba hayamhusu. Kumbe taa ile uliiwasha kwa ajili yangu, wiki mbili mfululizo. Kumbe ulimwambia kwamba mdogo wako Marlys anapita nyumba kwa nyumba na hawezi kukuruka wewe, na nikija kukuomba utakwenda kupiga kura. Sikuja, hukwenda. Kura yako ingefanya sare, na sare hapa kwetu huamuliwa kwa kuchomoa jina kwenye kofia. Angalau jina la Corinne lingeingia kofiani. Tangu jana kofia hiyo nakutana nayo kila nikifumba macho, iko juu ya kinanda, na ndani hamna kitu.

Na kuna jambo lingine la kukuungamia. Baada ya mazishi ulikuja kuniomba radhi mara mbili, nami nikakataa mara mbili. Wewe na mimi tumelelewa nyumba moja, unajua tulivyofunzwa. Mtu akikukaribisha kahawa unasema hapana, asante. Akirudia unasema usijisumbue. Ya tatu ndiyo unavuta kiti. Haki ya Mungu, Ardith, nilikuwa naingoja ya tatu. Hukurudi, nami nikajiambia kumbe hukumaanisha. Nimekuwa mjinga kwa adabu, miaka kumi na moja.

Bodi bado haijaamua. Jumatatu ijayo, si ya kesho, itasikiliza wananchi, dakika mbili kila mtu, na huyo Stadler atakuwa amekaa pale na lazima atusikilize. Kuhusu chakula nitasema mimi. Kuhusu kinanda siwezi, nitalia. Njoo useme wewe.

Nisalimie paka wako, na usipande ngazi zenye barafu bila fimbo. Jumamosi saa tisa mchana nitakuja, na safari hii nitagonga. Najua una haki ya kunikatalia mara mbili, ila umri wetu hauruhusu tena, kwa hiyo naziomba radhi zote tatu hapa hapa. Nisamehe, Dada. Nisamehe. Nisamehe. Hiyo ndiyo ya tatu, bandika kahawa.

Mdogo wako,
Marlys